Udongo Mchachu Haujakataa Mikunde: Majibu kwa Madai Saba

Hoja hii wasomaji wengi wa Maskati wameshaisikia. Waliokaa barazani Bustan, hapa Maskati, baada ya Isha wameisikia zaidi ya mara moja, na mwenye ndugu anayefuga Lushoto, Kisii, Kakamega au Kabale huenda ameshaifuata kwa fedha zake mwenyewe. Inasema hivi: udongo wa milimani kwetu ni mchachu, mimea ya jamii ya mikunde haistawi humo, basi anayemnunulia mama au kaka yake ng'ombe wa maziwa asipoteze hata senti kwa malisho ya mikunde. Apande majani matupu, na protini atume pesa ikanunuliwe kwa gunia. Na kama hapana budi kupanda mkunde, basi uwe mmoja tu, alfalfa, kwa kuwa huo sisi huku tumeuona kwa macho yetu.

Nimeisikiliza kwa makini na nimeichambua nikapata madai saba. Kila moja nitalieleza kama wenyewe wanavyolieleza wakiwa katika ubora wao, kisha nitalijibu. Hakimu ni msomaji. Namuomba jambo moja tu: asilipime dai moja akalisahau alipofika kwa la pili, kwa sababu ubovu mkubwa wa madai haya ni kwamba hayakai pamoja chini ya paa moja.

Dai la kwanza: udongo mchachu unaua mikunde yote. Maelezo yake ni haya. Mvua nyingi ya milimani, kwa karne na karne, imeosha kalisi na magnesi kutoka kwenye udongo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia udongoni huanza kuyeyuka, na ncha za mizizi hudumaa. Fosforasi hukamatwa na chuma na alumini, mmea ukaikosa ingawa imo. Na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mikunde, ambao ndio wanaoivuta naitrojeni kutoka hewani, hupungua au hulegea.

Kemia hiyo ni sahihi, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hitimisho, kwa sababu kutoka kusema mikunde mingi huteseka wameruka hadi kusema mikunde yote hufa, na katikati hapana daraja. Anayesema mikunde haioti Usambara atueleze maharage ya Lushoto yanayoshushwa masoko ya Tanga na Dar es Salaam huota wapi. Haragwe ni mkunde, tena mkunde dhaifu mbele ya uchachu kuliko mingi ya malisho. Stailo, yenye asili ya Amerika ya Kusini, huishi kwenye udongo uliochoka wenye pH ya 4.5 na hata chini ya hapo. Desmodiamu huvumilia pH ya 5. Embu, kwenye miteremko ya kahawa na chai ya Mlima Kenya, watafiti wa Kenya pamoja na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, walifanya kazi na wafugaji wadogo miaka ya 1990 wakipanda kaliandra kwenye kingo za matuta, na ikakubali. Hata klova nyeupe ya Kenya hujiotea yenyewe kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki; Waaustralia waliichukua kutoka kwetu wakaifanya mbegu ya biashara iitwayo Safari. Mmea ambao wengine wamevuka bahari kuufuata, sisi tunaambiwa hauwezekani nyumbani kwake.

Dai la pili: kama ni lazima, panda alfalfa, kwani mmea ulioishinda Omani utashinda popote. Hili ndilo linalopendwa zaidi hapa Bustan, na sababu yake inaeleweka. Tumezungukwa na majabali yasiyo na jani. Mvua ya Maskati ni kama milimita 100 tu kwa mwaka. Hata hivyo alfalfa, ile ambayo wenyeji huiita qatt, inamea chini ya mitende inayonyweshwa na mifereji ya mafalaji, na inamea kwenye mashamba ya ngazi ya Jabal Akhdhar kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Wanauliza: mmea uliopanda jabali lile utashindwaje na kilima cha Lushoto?

Utashindwa, kwa sababu adui wa Omani ni ukame na chumvi, na adui wa Lushoto ni uchachu. Kumshinda mmoja si dhamana ya kumshinda mwingine. Anayetaka ushahidi hana haja ya maabara. Achote udongo wa bondeni hapa, auweke kwenye kisahani, audondoshee siki ya jikoni: utachemka povu. Povu hilo ni chokaa ya asili inayoyeyuka kwa siki. Audondoshee siki hiyo hiyo udongo mwekundu wa Amani, Usambara Mashariki: haupo mlio, halipo povu. Udongo wa Omani kwa kawaida una pH ya 7.5 hadi 8.5, na chemchemi zinazotoka kwenye miamba ya Semail, ile miamba myeusi iliyokuwa sakafu ya bahari ya kale, hupima hata 11. Amani na Bulwa huko huko hulimwa chai, na chai hupenda udongo wa pH ya 4.5 hadi 5.5. Na kipimo hiki hakihesabiwi kama rula: kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 8 hadi 5 uchachu umeongezeka mara 1,000.

Jabal Akhdhar nayo haiwasaidii. Mwinuko hauchachushi udongo. Kinachouchachusha ni kuoshwa na mvua. Jabal Akhdhar ni jabali la mawe ya chokaa lenye mvua chache, na Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Yote mawili ni milima, na hapo ndipo ufanano wao unapokoma. Alfalfa hutaka pH ya 6.5 au zaidi, na bakteria wake ni wadekaji kuliko mmea wenyewe. Chini ya 5.5 mmea huweza kuota, ukachanua majani machache, kisha ukageuka manjano kwa sababu mshirika wake hayupo. Wala tusidanganyike na asili ya mmea: glisini, mkunde wa malisho wenye asili ya Afrika Mashariki, nao unaudhika na uchachu, na mlusina vilevile. Kwa hiyo uhodari wa ugenini si hoja, na uzawa pia si hoja. Hoja ni kipimo cha udongo.

Kisha kuna ushahidi ambao wenzetu wanaupita macho yamefumbwa. Kama funzo la Ghuba ni alfalfa, Ghuba yenyewe imeamuaje? Saudia, mwaka 2015, iliamua kuacha kidogo kidogo kilimo cha malisho mabichi kwa sababu kilikuwa kinanyonya maji ya chini ya ardhi yasiyorudi. Kampuni yake kubwa ya maziwa, Almarai, tayari mwaka 2014 ilikuwa imenunua mashamba Arizona, Marekani, ili ilime alfalfa huko na kuisafirisha kwa meli. Mmea ambao majirani wenye mabilioni wanauona mzigo, tunashauriwa kumpelekea mama mwenye robo eka, tena kwenye udongo usioutaka.

Dai la tatu: bila malori ya chokaa hakuna mkunde, na malori hayapandi mlimani. Wanavyolieleza ni hivi: udongo mchachu sharti urudishwe hadi pH ya 7, kazi hiyo hutaka tani nyingi kwa hekta, barabara za milimani ni mbovu, chokaa ni nzito, mkulima ni maskini. Kwa hiyo hadithi imekwisha.

Hadithi haijaanza, kwa sababu sentensi ya kwanza ndiyo yenye kosa. Kwenye udongo mwekundu wa tropiki lengo la chokaa si kufika 7. Lengo ni kuituliza alumini, na alumini hutulia pH ikifika kama 5.5. Kuzidisha ni kujiumiza, maana chokaa nyingi kupita kiasi huifungia mimea zinki na madini mengine. Kwa mikunde inayovumilia uchachu, kama stailo, kiasi kinachotakiwa ni kidogo zaidi. Mikunde hiyo huhitaji chokaa kama chakula cha kalisi zaidi kuliko kama dawa ya udongo.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue tani 2 kwa hekta, kiwango cha kawaida cha ushauri kwa udongo wa namna hii. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo ni gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha malisho cha mita za mraba 1,000, yaani robo eka, kinataka kilo 200: magunia manne ya kilo 50, na hayarudiwi ila baada ya miaka kadhaa. Ukiitia kwenye mifereji ya kupandia badala ya kuimwaga shamba zima, yanapungua tena. Mawe ya chokaa yapo karibu na Tanga mjini, kwenye mapango ya Amboni, chini ya mlima huo huo tunaouzungumzia. Kenya inachimba Koru, jirani na wenye udongo mchachu wa magharibi. Aliyesema malori aliona hekta akasahau kuuliza ukubwa wa shamba.

Na hapa naomba mahakimu wayaweke madai mawili pamoja. Dai la pili linasema panda alfalfa. Dai la tatu linasema chokaa haiwezekani. Lakini katika mikunde yote ya malisho iliyotajwa barazani, unaodai chokaa nyingi kuliko wenzake ni alfalfa. Wametupa mmea mmoja tu wa kupanda, kisha wametunyima kitu kimoja ambacho mmea huo hauishi bila hicho. Dai mojawapo lazima liondoke, na wao wachague lipi.

Dai la nne: tuliambiwa mikunde hujilisha yenyewe, tukapanda, ikageuka manjano, basi tulidanganywa. Hili nalo tulieleze kwa haki. Wataalamu wa maendeleo, kwa miongo mingi, wamewauzia wakulima maneno matamu kwamba mkunde unatengeneza mbolea yake. Mkulima akaamini, akapanda bila kutia kitu, akavuna majani ya manjano. Hasira yake ni halali.

Hasira ni halali, hitimisho si halali. Mkunde unajitafutia naitrojeni peke yake. Fosforasi hautengenezi, kalisi hautengenezi, salfa hautengenezi. Tena ile kazi ya kuvuta naitrojeni ndiyo yenye ulaji mkubwa wa fosforasi. Ukiupanda kwenye udongo ambao fosforasi yake imeshikwa na chuma, umempa mfanyakazi kazi ukamnyima chakula. New Zealand, nchi iliyojengwa juu ya malisho ya milimani, haikupata klova yake kwa maneno. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wakimwaga mbolea ya fosfati kwa ndege kwenye miteremko isiyopitika na trekta. Sisi hatuna haja ya ndege. Tuna Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako hutoka mwamba wa fosfati. Mwamba huu ukisagwa na kutiwa kwenye udongo wenye chokaa kama wa Bustan, hukaa tu. Ukitiwa kwenye udongo mchachu, uchachu wenyewe huuyeyusha, ukatoa fosforasi na kalisi kwa pamoja. Yaani kile kinachoitwa laana ya udongo wetu ndicho kinachoifungua mbolea ya nchi yetu wenyewe. Jambo hili sijalisikia likitajwa hata mara moja na upande wa pili.

Kuna na jambo dogo zaidi. Mwaka 1942, Australia Kusini, mtafiti A. J. Anderson alionyesha kwamba malisho ya klova yaliyokuwa yamekwama kwenye udongo mchachu wenye chuma yalikuwa na njaa ya molibdeni, madini ambayo bakteria wa mizizini hawafanyi kazi bila hayo. Kiasi kinachotakiwa kwa hekta huhesabiwa kwa gramu, si kwa kilo. Uchachu huyafunga madini haya. Chokaa kidogo huyafungua. Kwa hiyo mmea wa manjano si ushahidi kwamba mikunde haiwezekani. Ni mgonjwa anayeomba kupimwa.

Na kumpima si kazi ya daktari. Ng'oa mche wa desmodiamu wa miezi mitatu kwa jembe, polepole, usiuvute kwa mkono maana vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo. Utaona vinundu vidogo kama punje za mtama. Kata kimoja kwa wembe. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hawafanyi. Kama vinundu havipo kabisa, ama bakteria hawapo ama udongo umewakataa. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walitengeneza bakteria wa kuchanganya na mbegu wakawaita Nitrosua. Kenya wapo wa Biofix. Lakini kila kundi la mikunde lina bakteria wake: wa alfalfa hawamfai desmodiamu. Desmodiamu huridhika mara nyingi na bakteria waliopo udongoni. Alfalfa huja na masharti. Aliyepanda alfalfa Lushoto akaona manjano, kisha akaihukumu mikunde yote, amemfunga jirani kwa kosa la mgeni.

Dai la tano: desmodiamu na kaliandra ni chungu, ng'ombe hawali, na mikunde humvimbisha ng'ombe tumbo hadi kufa. Haya ni mawili yaliyofungwa kamba moja, na kamba yenyewe ndiyo inayoyanyonga. Uchungu wa desmodiamu na kaliandra unatokana na tanini. Tanini hiyo hiyo ndiyo inayozuia povu la gesi tumboni. Mimea inayovimbisha tumbo ni ile isiyo na tanini ya kutosha, na kinara wake ni alfalfa mbichi, yaani ule ule tulioshauriwa kupanda. Huwezi kumshitaki desmodiamu kwa kuwa na tanini, kisha ukamshitaki tena kwa madhara ya kutokuwa nayo. Kuhusu kukataa, ng'ombe asiyezoea huchagua; changanya kidogo kidogo na mabingobingo yaliyokatwakatwa, ongeza kadiri anavyozoea, na usifanye mkunde kuwa mlo mzima. Ushauri huu unafaa kwa mkunde wowote, uwe mtamu au mchungu.

Dai la sita: mikunde yenyewe inazidisha uchachu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika madai saba, hili ndilo lenye mfupa. Mkunde unapokula kutokana na naitrojeni ya hewani, mizizi yake hutoa tindikali; na naitrojeni inayobaki udongoni ikigeuka naitreti na kuoshwa na mvua, huacha uchachu nyuma. Kusini mwa Australia, baada ya miongo ya klova na fosfati, malisho mengi yamechachuka kwa njia hiyo. Huo ni ukweli.

Lakini tuutazame ukweli huo ulitokea wapi. Klova ile ni ya msimu mmoja: hufa kiangazi, ardhi ikabaki wazi, na mvua za kwanza zikaosha naitreti pasipo mzizi wa kuidaka. Desmodiamu na kaliandra ni za kudumu, na zikipandwa pamoja na mabingobingo au gwatemala ipo mizizi mwaka mzima ya kuinywa naitreti kabla haijazama. Lililobaki ni kalisi inayoondoka na majani yakikatwa na kupelekwa bandani. Dawa yake ni samadi kurudi kwenye kipande kilichotoa majani, badala ya kurundikwa mlangoni au kwenda yote kwenye migomba. Mchakato unachukua miaka mingi, na unazibwa na gunia la chokaa.

Kisha tuulize swali ambalo wenye dai hili wameliruka: mbadala wao ni nini? Wanashauri majani matupu. Majani matupu yakikatwa mara kwa mara hutaka naitrojeni, na wanashauri itoke dukani, aghalabu salfeti ya amonia. Kwa kila kilo ya naitrojeni, salfeti ya amonia huchachusha udongo karibu mara tatu kuliko urea, na urea nayo huchachusha. Anayekimbia mikunde kwa kuogopa uchachu na kukimbilia salfeti ya amonia, amekwepa moshi akaingia jikoni. Hoja hii ina mfupa, nimekubali, ila mfupa huo uko kwenye koo lao.

Dai la saba: acheni longolongo, gunia la chakula cha ng'ombe ni rahisi kuliko kilimo hiki chote. Hapa wanazungumza kama watu wa hesabu. Mbegu ya desmodiamu ni ghali. Huota polepole na hutaka palizi ya miezi ya mwanzo. Ardhi ni finyu. Na sisi tuliopo Maskati kutuma pesa kwa simu ni dakika moja.

Basi na tuhesabu. Majani ya mabingobingo yaliyokomaa huwa na protini ya asilimia 7 hadi 8 au chini ya hapo. Chini ya asilimia 7 vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa chakula, na ng'ombe hushindwa hata kuyameng'enya majani anayokula. Ndiyo maana ng'ombe anashinda anatafuna na maziwa hayaonekani. Desmodiamu na kaliandra zina protini mara mbili ya hiyo au zaidi. Utafiti wa Embu ulionyesha kwamba kilo 3 za kaliandra mbichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha madukani kwa protini, na kwamba miche kama 500 humtosha ng'ombe mmoja kilo 6 mbichi kwa siku, mwaka mzima. Miche 500 ikipandwa kwa nafasi ya nusu mita ni mstari wa mita 250. Mstari huo haudai shamba jipya: unakaa kwenye kingo za matuta, ambako Lushoto leo kuna gwatemala peke yake, na unashika udongo usiteremke bondeni. Hoja ya ardhi finyu imejibiwa na kingo.

Hoja ya mbegu ghali inajibiwa na kisu. Desmodiamu hushika kwa vipande vya shina: mwenye kitalu kidogo humpa jirani marando, na jirani humpa wa tatu. Na hoja ya palizi ijibiwe na wakulima wa magharibi mwa Kenya, ambako taasisi ya icipe, kutoka kituo chake cha Mbita, imeeneza tangu miaka ya 1990 kilimo cha kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazolidhoofisha gugu la kiduha, na majani yake hulishwa ng'ombe. Mkulima analipwa mara mbili kwa palizi moja.

Tazama tena mizani ya dai la tatu. Magunia manne ya chokaa, yanayobebwa mara moja kwa miaka kadhaa, tuliambiwa hayapandi mlimani. Gunia la chakula cha ng'ombe, kila wiki, mwaka baada ya mwaka, linapanda bila shida kwa bodaboda ile ile. Barabara ni moja. Kilichobadilika ni anayeuza.

Wala sisemi gunia halina kazi. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi atahitaji pumba na mashudu kwa ajili ya nguvu, na madini ya kulamba. Ninachokataa ni kulipia dukani protini inayoweza kuota ukingoni, kwa kisingizio cha udongo ambao haujapimwa.

Basi, mahakimu, yawekeni mezani. Wamesema mikunde haioti kwenye uchachu, kisha wakachagua mkunde unaouchukia uchachu kuliko yote. Wamesema chokaa ni nzito, kisha wakachagua mmea wenye njaa ya chokaa. Wamesema tanini ni mbaya, kisha wakaogopa ugonjwa unaozuiwa na tanini. Wamesema mikunde inachachusha, kisha wakashauri mbolea inayochachusha zaidi. Shahidi anayejipinga mara nne hahitaji kupingwa na mwingine. Linalobaki baada ya madai yao ni moja: alfalfa haifai Lushoto. Na hilo hawakulisema wao.

Kwa msomaji aliyetuma au anayekusudia kutuma pesa ya mtamba, mpangilio ni huu. Kwanza udongo upimwe; kwa watu wa Tanga, kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, kiko chini ya mlima, na Kenya liko shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Pili, pH ikiwa chini ya 5.5, sahau alfalfa, mlusina na glisini. Panda desmodiamu pamoja na majani, kaliandra kwenye kingo, na stailo pale palipochoka. Tatu, fosfati ya Minjingu na chokaa kidogo kwenye mfereji wa kupandia. Nne, kaliandra hutaka miezi tisa hadi mwaka kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo ipandwe kabla ya ng'ombe kununuliwa, si baada yake. Pesa ya magunia ya miezi michache inatosha kuanza. Itumeni kwa kazi hiyo.